Kisu Kisichogongwa

Nyumba yao haikujua kukaa kimya. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi ya shangazi, msusi, na tangu asubuhi kilijaa wanawake waliokaa kwenye vigoda na mikeka, vichwa vimeinama, midomo ikifanya kazi kuliko vidole vya msusi mwenyewe. Humo ndimo habari za mtaa zilimofika kwanza: nani kahama, nani kachumbiwa, nani kanunua kitanda kikubwa kikagoma kupita mlangoni. Msichana wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa darasa la sita, alikulia katikati ya maneno hayo, na kusema kwake kulikuwa kama kupumua. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku.

Siku hiyo alirudi kutoka shuleni, akavua viatu, akafagia nywele zilizozagaa sakafuni, kisha akajaza maji pipa la uani. Alichoka. Lakini nyumba nzima ilikuwa imechoka. Shangazi alisimama tangu alfajiri hata miguu ikamvimba. Mama alikuwa bado hospitalini, anakofua mashuka. Na baba alikuwa ameketi kwenye benchi la uani, buti moja mguuni, jingine mkononi, kama mtu aliyesahau kama anavaa au anavua.

Baba alikuwa mpishi wa kambi. Kila msimu wa uwindaji ulipofunguliwa, wawindaji wenye vibali walimchukua porini. Huko yeye ndiye aliyechuna wanyama, akakata nyama, akapika, akakata na kamba za mahema. Lori lilikuwa limpitie kesho alfajiri, na mchana kutwa alikuwa akilipakia mizigo huko kwa wawindaji.

"Chiriku," alisema, "kisu changu cha kukunja kimekufa. Bawaba imelegea. Mimi sina tena miguu ya kufika dukani. Nenda kwa Mama Misumari ukaninunulie kingine."

"Cha namna gani, baba?"

Baba akamwonyesha kidole gumba. Kovu lilikizunguka kama pete. "Hili nililipata msimu uliopita. Nilikuwa nachuna, kisu kikajikunja. Kambini hakuna daktari, na mpishi asiye na vidole hurudishwa nyumbani na lori lile lile. Kwa hiyo sikiliza. Sitaki mapambo. Nataka kisu chenye komeo, kile kichuma cha ndani ya mpini kinachozuia kisu kisijifunge. Kifungue, shika mpini kwa mbavu zake, vidole viwe mbali na njia ya makali, halafu ugonge mgongo wa kisu kwenye ubao. Kikijikunja, mrudishie mwenyewe. Kikisimama imara, nunua."

"Kumbe visu navyo huchapwa kama wanafunzi."

"Hivi huchapwa kabla ya kosa," baba alisema, akafumba macho.

Mbele ya duka la Mama Misumari kulikuwa na foleni ya waashi, kila mmoja akisubiri misumari yake ipimwe kwenye mizani. Jua lilikuwa kali na foleni haikusogea. Chiriku alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, kisha akamwona mchuuzi aliyesimama kivulini, kifuani amening'iniza ubao uliotandikwa kitambaa chekundu. Juu ya kitambaa palikuwa na visu vya kukunja vinavyometameta.

"Dada mdogo, njoo uone," mchuuzi alisema. "Kisu kimoja, kazi sita. Kina mkasi, kina kijiko, kina kifungua chupa, kina kitochi. Kinakata kamba, kinakata mti, kinakata mpaka maneno."

"Basi anza kukata ya kwako, kaka," Chiriku alijibu.

Waashi waliokuwa mwisho wa foleni wakacheka. Mchuuzi naye akacheka, akaweka mkono kifuani kama aliyechomwa mshale. "Huyu nimempata wa kunifunga mdomo. Mama yako anakulisha nini, pilipili?"

"Unalo komeo humo?" Chiriku aliuliza.

"Komeo lipo, na ufunguo upo, labda mlango tu ndio sina."

Hapo tena mazungumzo yakanoga. Ikawa mchuuzi alimjua yule wa kitanda kilichogoma kupita mlangoni, tena alikuwapo wakati dirisha zima linang'olewa ili kipite. Chiriku akauliza, akajibiwa, akaongeza chumvi, akaongezewa. Alipokumbuka foleni, ilikuwa ndefu kuliko mwanzo, na bei ya mchuuzi haikufika hata nusu ya pesa aliyopewa. Akalipa. Akarudi nyumbani na kisu mfukoni, akijisifu kwamba hata chenji ameokoa.

Alipofika mlangoni ndipo akakumbuka ubao. Alisimama kidogo. Mchuuzi alikuwa mbali, miguu ilimuuma, na kisu kilikuwa kipya. Kisu kipya kitajikunjaje?

Baba alikuwa amelala kwenye benchi, buti bado mguuni. Alifungua jicho moja. "Umekigonga?"

"Nimekigonga, baba."

"Kikasimama?"

"Kikasimama."

"Ahsante, mwanangu." Akakitia kwenye mfuko wa begi la safari bila kukifungua. Hakuuliza hata habari ya chenji. Akalala tena, safari hii kwa kukoroma.

Chiriku angependa aulizwe zaidi. Angetazamwa usoni, angekaguliwa, pengine angejisikia nafuu. Lakini kuaminiwa kwa haraka vile kulimlemea. Akaingia chumba cha mbele, akaketi pembeni, akimpa shangazi vibanio bila kusema neno.

"Huyu Chiriku leo kameza nini?" mteja mmoja aliuliza.

"Muache apumzike," akasema mwenzake. "Na sisi masikio yapumzike."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaona kidole gumba cha baba, na pori, na lori likirudi na mtu mmoja kabla ya msimu kwisha.

Mteja wa mwisho alipoondoka, shangazi alijikokota hadi uani kumfungia kaka yake mzigo wa blanketi. Kamba ilikuwa ndefu mno. Akatazama huku na huku, akachukua kisu kipya kutoka kwenye begi, akakifungua. Alipitisha makali chini ya kamba, vidole vinne vimeukumbatia mpini, tayari kuvuta.

"Shangazi, kiweke chini," Chiriku alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Sikukigonga."

"Hukukigonga nini?"

"Kisu. Nilimwambia baba nimekigonga. Sikukigonga. Wala si cha Mama Misumari, ni cha mchuuzi."

Shangazi alikiweka kisu polepole, kama mtu anayeweka yai. Baba alikuwa ameshafungua macho. Alikichukua, akaushika mpini kwa mbavu, akagonga mgongo wa kisu kwenye ukingo wa benchi. Pigo moja tu, tena dogo. Kisu kikajikunja chap, makali yakaingia mpinini, pale pale vidole vya shangazi vilipokuwa.

Shangazi alivitazama vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa ndivyo vilivyolisha nusu ya nyumba ile.

Chiriku alingoja kukaripiwa. Badala yake aliona jambo lililomuuma zaidi: baba akiinama, akihema, akilitafuta lile buti jingine chini ya benchi. "Chukua ile chenji," alisema. "Twende kabla hajafunga."

Walitembea taratibu, kwa sababu baba hakuweza mwendo mwingine. Kivulini kwa mchuuzi hapakuwa na mtu. Mama Misumari alikuwa amekwisha kushusha nusu ya mlango wa bati, mgongo wake umepinda kwa kazi ya kutwa. Aliposikia kisa chote, alitikisa kichwa.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Nilikuona, binti. Nikasema leo mwenye maneno kapata mwenzake. Haya, ingieni, lakini msinikalishe."

Akaweka kipande cha ubao juu ya meza na visu viwili kando yake. Baba aliegemea meza kwa viwiko, akafumba macho.

"Gonga, Chiriku. Mimi nasikiliza."

Kisu cha kwanza kilisimama imara, lakini bei yake ilizidi pesa iliyobaki. Cha pili kilisimama pia, ila Chiriku alipoutikisa mpini, alisikia kitu kikigonga ndani.

"Kinacheza," alisema.

"Nimesikia," baba alijibu bila kufumbua macho. "Bawaba hiyo haimalizi msimu."

Mama Misumari akafikiri, kisha akaenda dirishani na kurudi na kisu cha mpini wa mti. Upande mmoja ulikuwa wa kahawia, upande wa pili jua lilikuwa limeula mpaka ukawa mweupe. "Hiki kimekaa kwenye maonyesho hadi kimezeeka sura. Kila mtu anakipita. Nitakuuzieni kwa hicho mlicho nacho."

Chiriku alikifungua. Komeo likaingia mahali pake kwa mlio mkavu. Akagonga. Kikasimama. Akatikisa, hakuna kilichocheza. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Tena," baba alisema.

Akagonga tena.

"Mlipe."

Kile cha kung'aa Mama Misumari alikitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, baada ya kujaribu kitochi na kukuta hakiwaki.

Njiani baba alichechemea hatua chache. Kisha akauliza, "Unajua nilipolala pale uani nilikuwa nimelalia nini?"

"Benchi, baba."

"Nililalia neno lako." Alisimama kidogo kupumzisha mguu. "Nikiwa na nguvu, nakagua kila kitu mwenyewe. Nikichoka, nalalia maneno ya watu wa nyumbani kwangu, kwa sababu sina kingine. Kusahau si kitu, mwanangu. Ungesema, baba nilisahau, tungekigonga pale pale. Lakini uliposema umekigonga, mimi nikafumba macho. Kazi ambayo hukuifanya, sema hukuifanya. Hata kama umechoka. Hata kama nimechoka mimi."

Chiriku akasogea karibu, akampa bega aegemee.

"Na kama nikikukuta umelala?" aliuliza.

"Niamshe," baba alisema.