Programu Iliyomkamata Destin

Kila Jumamosi asubuhi Sughra alishuka kutoka ghorofa ya kumi na moja, akakatiza theluji hadi ukumbi wa mtaa, pale Etobicoke, ughaibuni, kwenye darasa la kompyuta. Alipenda kuwa wa kwanza kwa kila kitu. Basi Destin, aliyehamia juzijuzi tu kutoka Bukavu, alimchoma roho: insha yake ndiyo iliyochaguliwa isomwe mbele ya wazazi!

"Amenakili kitabuni," Sughra alimwambia Mwalimu Murithi. "Nimeandika programu ya kumkamata."

Programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya C, ilichukua sentensi kutoka faili la kitabu, ikazitafuta ndani ya insha kwa wcsstr, amri ya kutafuta maneno katika maandishi. Sughra akabonyeza. Kioo kikaandika: IMEPATIKANA.

"Mwizi!" darasa likapiga kelele, likacheka.

"Haki ya Mungu, mwalimu, niliandika mwenyewe," Destin alisema. Mwalimu alifuta jina la Destin kwenye orodha ya wasomaji, akaandika la Sughra.

Jumatano Sughra aliifungua tena programu ili ajisifu kwa shangazi yake. Lo! Faili la kitabu lilikuwa tupu. Na wcsstr ukiituma itafute maandishi matupu, hujibu kila mara kwamba imeyapata, palepale mwanzoni. Akafunga kompyuta, akanyamaza, mtoto yule!

Jumamosi wazazi wakajaa ukumbini.

"Kabla hujasoma, Sughra, waonyeshe programu yako," Mwalimu Murithi alisema. "Ijaribu kwa insha yako mwenyewe."

"Betri imeisha, mwalimu."

"Tumia kompyuta yangu, nina nakala ya programu na faili lake."

Kioo kikaandika: IMEPATIKANA. Mwalimu akajaribu barua yake mwenyewe. IMEPATIKANA.

"Ulijua kwamba inasema hivyo kwa kila kitu?"

"Tangu Jumatano," Sughra alijibu.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Destin, nisamehe. Niliamini kioo, wewe sikukuuliza. Njoo usome."

Destin alisoma hadi mwisho bila kumtazama mtu. Watu walipotawanyika, Sughra alimwendea mama yake Destin, Mama Pulchérie, akaomba radhi.

Mama yule alimjibu.

"Mashine kukosea si neno, binti. Kunyamaza ndiko kubaya. Ungesema ile Jumatano, nisingemchapa mwanangu Alhamisi."