Mkono wa Kushoto wa Afande Chepchirchir

Umati kwenye maonyesho ya kilimo ya Kericho ulikuwa umesahau ng'ombe wa gredi na kabichi kubwa kubwa, ukajaa mbele ya kibanda cha mchezo wa bastola ya upepo. Sababu ilikuwepo. Afande alikuwa anakosa shabaha.

Konstebo Chepchirchir hakuja pale kucheza. Alikuwa zamu, amevaa sweta ya buluu ya polisi, sketi iliyopigwa pasi ikapigika, na viatu vilivyong'aa licha ya matope. Alikuja kuwatawanya vijana waliokuwa wakisukumana. Mwenye kibanda akamtania, vijana wakashangilia, naye akaona haya kukataa. Akaishika ile bastola kwa mkono wa kulia, akalenga kizibo cha soda. Pwa! Kizibo kikabaki pale pale. Pwa! Turubai ikatoboka. Mara ya tatu jogoo wa mashindano kwenye kibanda cha jirani akapiga kelele, ingawa hakuna kilichomgusa.

"Wezi wa Kericho, laleni salama!" kijana mmoja akapaza sauti.

Watu wakacheka. Chepchirchir akalenga tena, na katikati ya kicheko kile kamera ikalia, klik.

"Wewe!" Chepchirchir akageuka. "Nani amekuruhusu?"

Mpiga picha alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la kahawia lenye mabega mapana kumzidi. Aliitwa Osoro, mtu wa Kisii, na alikuwa na studio karibu na soko la Kericho.

"Sori, afande. Mwanga ulikuwa mzuri."

"Mwanga! Mimi naaibishwa hapa, wewe unaangalia mwanga? Toa hiyo filamu."

"Nikitoa nitaharibu harusi ya jana. Iko kwa filamu hii hii. Bibi harusi amekosa nini?"

Chepchirchir alitaka kucheka, akajizuia. "Basi hiyo yangu usiitoe. Isionekane na mtu."

"Naapa. Haitaonekana."

Kabla hajamaliza kuapa, mvua ya alasiri ikashuka, ile ya Kericho isiyobisha hodi. Osoro akavua koti lake akamfunika nalo, yeye mwenyewe akakimbia na shati jepesi, amekumbatia kamera kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kesho yake simu ya kituo ikalia.

"Kituo cha polisi," Chepchirchir alijibu.

"Nataka kuripoti, afande. Nimepotelewa."

"Na nini?"

"Koti. La kahawia."

"Liko salama. Nimelikausha, nikashona na kifungo kilichokuwa kinaning'inia."

"Asante. Na huyo aliyelivaa, yeye yuko salama?"

"Osoro, hii ni simu ya serikali."

"Basi tukutane mahali hakuna serikali. Jumamosi, hoteli ya nyuma ya posta. Chai na mandazi."

Jumamosi alikuja na gauni la manjano lenye mikunjo kiunoni, nywele amezichana nyuma. Osoro alipomwona aliinuka mpaka akagonga meza. Chai ilipoletwa, Chepchirchir aliipokea kwa mkono wa kushoto, kisha akashtuka, akaihamishia wa kulia upesi mpaka ikamwagika.

"Mbona umebadilisha?"

"Mazoea. Nilizaliwa natumia huu." Aliuinua wa kushoto kidogo, kama mtu anayetambulisha ndugu aliyefungwa jela. "Kogo, yaani nyanya yangu, aliufunga na kitambaa. Kwetu huwezi kumpa mzee mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na mkono wa kushoto. Nikisahau, kitambaa kinarudi. Shuleni mwalimu akamalizia na kiboko."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kuumbwa hivi!" Macho yake yalikuwa yamewaka. "Sasa natumia wa kulia kama watu wote. Na bado nakosa."

Akamweleza. Kitengo cha upelelezi kilikuwa na nafasi moja, na anayeingia lazima abebe bastola. Alikuwa amewahi kufeli mtihani wa shabaha. Wa pili ulikuwa mwisho wa Agosti, na akifeli huo hataitwa tena. Mwalimu wao wa silaha, Sajini Chepyegon, alikuwa amekwisha kumwambia mbele ya wanaume kwamba mikono ya wasichana ni ya kuchuma majani chai na kuwapikia wakubwa hiyo chai.

"Sikuingia polisi kupika chai," alisema. "Wanawake wanakuja kituoni wamepigwa, wanaambiwa warudi nyumbani wakaongee na bwana. Nikiwa upelelezi, hiyo kesi nitaifuata mimi."

Osoro hakumkatiza. Aliisogeza upande wa Chepchirchir sahani iliyobaki na andazi moja. Chepchirchir aliliona jambo hilo dogo, likamwingia moyoni.

Wakapendana, bila kuficha. Alimwita "mtu wa picha", naye akamwita "afande wangu". Na ingekuwa vizuri kama Osoro angekuwa na akili ya kawaida siku aliposafisha ile filamu. Lakini picha ilipomtokea ndani ya maji, kwenye chumba cha giza, alisahau kiapo. Aliuona uso wa Chepchirchir tu: nyusi zilizokunjwa, midomo iliyobanwa, uso wa mtu anayejitahidi kwa roho yake yote. Alikuwa hajawahi kupiga picha nzuri kama ile. Akaikuza, akaitundika kwenye dirisha la studio, akasimama nje kuitazama kwa fahari.

Alasiri hiyo gari la polisi lilipita. Ndani alikuwemo Sajini Chepyegon, na nyuma yake Chepchirchir.

"Simamisha!" Sajini alimwambia dereva. "Chepchirchir, si huyu ni wewe? Kumbe hata madirisha ya mjini yanajua huwezi kulenga!" Akacheka mpaka akafuta machozi.

Chepchirchir alishuka. Aliingia studio akaing'oa picha na misumari yake.

"Uliapa."

"Chep, ngoja. Ni picha nzuri kuliko zote..."

"Uliapa, Osoro!"

"Niliona uso wako tu. Sikuwaona hao wanaocheka nyuma. Kweli kabisa, sikuwaona."

"Hukuwaona kwa sababu hawakuwa wanakucheka wewe!"

Bilhah, dada yake Osoro, aliyekuwa akikata picha za vitambulisho mezani, akainamisha kichwa.

"Usinipigie simu," Chepchirchir alisema. "Koti lako nitalituma."

Alirudi kwenye chumba chake kambini, akaikunjua ile picha kitandani ili aichane vizuri. Aliishika kwa mikono miwili. Halafu akasita.

Kulikuwa na kitu. Bastola ilikuwa mkono wa kulia, lakini kichwa kilikuwa kimeinama juu yake kama kuku anayekunywa maji. Na jicho lililofumba lilikuwa la kulia. Sajini alimwambia siku zote, "Fumba la kushoto!" naye siku zote aliamini amelifumba. Picha ilisema hapana. Alipojitahidi kwa roho yake yote, jicho lake la kushoto lilikataa kufungwa.

Akaenda mlangoni. Akanyoosha kidole, macho yote wazi, akakilenga kichwa cha msumari. Akafumba jicho la kushoto: kidole kikaruka pembeni kabisa. Akafungua, akafumba la kulia: kidole kikakaa palepale juu ya msumari.

Alikaa kitandani akalia kwa hasira. Miaka yote ile! Kitambaa, kiboko, kelele za Sajini uwanjani, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza mtoto anaona kwa jicho gani. Alikuwa amehesabiwa mjinga kwa mkono ambao haukuwa wake.

Mtu wa kwanza kumsikiliza alikuwa Koplo Arasa, mzee wa kutunza ghala la silaha, aliyekaribia kustaafu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akawasha taa.

"Msichana wangu, kuja kila siku zamu yako ikiisha. Chakula changu kitangoja."

Na kweli kilingoja, siku baada ya siku. Arasa alikuwa akifungua bastola, anatazama ndani kama haina risasi, halafu anampa Chepchirchir naye atazame. "Hata mimi usiniamini," alisema. Kisha anamgeuza kuelekea ukuta wa mawe, miguu imeachana kwa upana wa mabega, bastola mkono wa kushoto, wa kulia ukiukumbatia kutoka nje. Juu ya mtutu anaweka sarafu.

"Sasa bonyeza. Sarafu isianguke."

Sarafu ikaanguka.

"Unavuta. Usivute! Wewe umekamua ng'ombe?"

"Tangu nikiwa mdogo, mzee."

"Ng'ombe ambaye hajakuzoea unamkamua namna gani?"

"Polepole. Nikifinya kwa nguvu anapiga teke."

"Hii pia inapiga teke. Kamua kwa kidole kimoja, vingine vyote vitulie. Usingoje mlio. Mlio ukikushtua hata wewe, umefanya vizuri."

Sarafu ikaanguka tena, na tena. Arasa alikuwa anainama na mgongo wake mbovu kuiokota, wala hakunung'unika hata mara moja.

"Na macho yako yanaangalia nini?"

"Shabaha."

"Ndiyo maana. Macho hayawezi kuona vizuri vitu viwili, cha karibu na cha mbali. Angalia kijino cha mbele ya mtutu. Hicho kiwe wazi. Shabaha iache iwe kama ukungu wa asubuhi kwa majani chai. Toa pumzi nusu, tulia, kamua."

Mkono wa kushoto ulikuwa dhaifu mwanzoni, kama mfungwa aliyeachiliwa anayejifunza tena kutembea. Lakini ulijua njia. Jioni moja Chepchirchir alikamua, kichuma kikalia tak, na sarafu ikabaki imelala juu ya mtutu. Wakatazamana na Arasa. Mzee akatabasamu mpaka pengo lake likaonekana.

"Umepita kwa studio ya Osoro siku hizi?" aliuliza akifunga ghala.

"Nipite kufanya nini?"

"Pita tu."

Alipita. Watu walikuwa wamejaa mbele ya dirisha, wanacheka. Pale ilipokuwa picha yake palitundikwa nyingine, kubwa vilevile: Osoro wa darasa la pili siku ya kupewa zawadi, ameshika kikombe juu, na kaptura yake imelowa mkojo mpaka magotini.

Bilhah alimwona, akatoka nje. "Mama amekasirika, anasema ni aibu ya ukoo. Lakini Osoro hataki kuitoa. Anasema watu wamcheke yeye kwanza, ndio ajue vile ulisikia."

Chepchirchir hakuingia. Alikwenda hadi kibanda cha simu cha posta.

"Studio," sauti ya Osoro ilijibu, imechoka.

"Nataka kuripoti mtoto amelowa hapa mjini, na hana mwenyewe."

"Chep?"

"Itoe hiyo picha, Osoro. Wateja watakukimbia."

"Umenisamehe?"

"Nimecheka tu. Kusamehe tutaona baada ya mtihani. Ni Alhamisi."

"Nije?"

"Kuja. Kamera uache nyumbani."

Alhamisi uwanja wa shabaha ulikuwa na jua kali na harufu ya majani chai yanayokaushwa kiwandani. Osoro alisimama nje ya ua, amevaa koti la kahawia, mikono mitupu ikining'inia kama ya mtu asiyejua kazi yake. Chepchirchir alipoitwa, akaishika bastola kwa mkono wa kushoto.

"Simama!" Sajini Chepyegon akapaza sauti. "Mkono gani huo? Hii ni polisi, si mchezo! Heshima iko wapi?"

Chepchirchir aliishusha bastola, mtutu ukaelekea chini. Akageuza kichwa tu.

"Afande, saluti nitakupigia na wa kulia mpaka nistaafu. Huu niliuficha tangu utotoni kwa sababu ya heshima, na hakuna aliyeniheshimu. Leo nisomee sheria inayosema risasi ipigwe na mkono gani. Isome hapa, mbele ya wote."

Sajini akamwangalia Inspekta aliyekuja kusimamia. Inspekta akatafuta kichwani mwake sheria hiyo, akaikosa. "Endelea, Konstebo."

Akatoa pumzi nusu. Kijino cha mbele kikawa wazi, shabaha ikawa ukungu. Akakamua. Mlio ukamshtua hata yeye. Akakamua tena, na tena, bila haraka, mpaka risasi zikaisha.

Inspekta alitembea hadi kwenye karatasi ya shabaha, akaitazama, akairudisha mwenyewe mkononi. Matundu yote yalikuwa katikati, yamesongamana mahali panapofunikwa na kiganja.

"Upelelezi," alisema, akampa karatasi.

Sajini akainama kuokota maganda ya risasi. Koplo Arasa alikuwa anapenga pua kwa leso. Nje ya ua Osoro alikuwa anaruka juu, na koti lake likaruka naye.

Chepchirchir alimfuata. "Sasa nimekusamehe. Lakini ukiapa tena, ushike."

"Nitaapa mara moja tu iliyobaki. Kanisani."

"Hiyo uniombe kwa Kogo, si kwa ua wa polisi."

Mwezi wa Desemba Osoro alikwenda hadi nyumbani kwa kina Chepchirchir, upande wa Ndanai, pamoja na wazee wake. Kogo aliwapokea na shuka lake jipya mabegani, akamkagua kijana kutoka viatu hadi nywele.

"Wakisii walituuzia ndizi, tukawauzia ng'ombe," alisema. "Huyu, anakunywa mursik?"

"Anajifunza, Kogo," Chepchirchir alijibu.

Wazee walipokwisha kuelewana, Osoro akatoa pete. Chepchirchir akanyoosha mkono wa kushoto.

"Mkono ingine!" Kogo alisema upesi, kabla hajafikiri.

"Kogo," Osoro alisema kwa upole, "pete inavaliwa huu."

Chepchirchir hakuurudisha mkono.

"Huu ndio mliufunga kitambaa, Kogo. Ukapigwa, ukafichwa kama mwizi. Na leo ndio mnataka kuuvisha dhahabu?"

Bibi kizee akaushika mkono ule, akapapasa pale kwenye kifundo, mahali kitambaa kilipokuwa kikifungwa, kana kwamba anatafuta alama.

"Niliogopa watakucheka," alisema. "Nikakuumiza mimi mwenyewe kwanza."

Akaufungua ule mkono, akautemea kiganjani mate kidogo ya baraka, kama wazee wanavyofanya, akaufunga na kuurudisha kwa Osoro ili avishe pete. Pete ilipoingia, Kogo aliinua uso.

"Sasa nipe mursik," alisema. "Na mkono huo huo."