Mama Eva Anatafuta Kazi

Pale Chapwa, mjini Tunduma, ukiulizia kwa Yunisi utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia kwa Mama Eva, hata mtoto atakupeleka mlangoni. Ndivyo tulivyo. Mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kanisani na kwenye kitambulisho. Mtaani anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Eva mwenyewe hayupo. Alifariki wakati wa kujifungua, akazikwa nyumbani kwao, Isongole. Aliacha kichanga, Judith. Sasa Judith yuko darasa la kwanza, na mlezi wake ni bibi yake peke yake.

Kwa miaka mingi Mama Eva alikuwa mpishi wa hosteli ya wanafunzi. Aliamka alfajiri, akajifunga khanga mbili kwa sababu ya baridi, akawasha moto. Akapika uji, kisha kande, kisha ugali na maharage. Chakula chake hakikuungua wala hakikuchelewa. Halafu mwenye hosteli akauza jengo na kuhamia Mbeya. Mama Eva akajikuta hana kazi, na umri wake ni miaka hamsini na minne.

Alizunguka, we acha tu. Alianzia kwenye hoteli za barabara kuu, akaenda mpaka kwenye vibanda vya chakula karibu na mpaka, malori yanakopanga foleni. Mmoja alimwambia wanataka mabinti. Mwingine alisema nafasi imeshajazwa, lakini kesho yake tangazo lilikuwa bado limebandikwa ukutani. Wa tatu hata hakumsikiliza. Alicheka tu, akamwambia, "Bibi, nenda kapumzike." Apumzike, na Judith ale nini? Mama Eva alirudi nyumbani akajifungia ndani, akalia.

Jirani yake, Fausta, alimhurumia. Fausta ni mtu mwema, ila ushauri wake siku ile haukuwa mwema. Alimwambia apake piko nywele zenye mvi na aseme ana miaka thelathini na minane. Mama Eva alikubali. Kisha Fausta akasita kidogo, akasema lililobaki.

"Na hilo jina liache. Ukiitwa Mama Eva, mtu atauliza Eva yuko wapi, ana umri gani. Utajibu nini? Jiite Mama Judith. Mwenye mtoto darasa la kwanza ni kijana bado."

Eva hakumwachia mama yake picha nyingi wala mali. Alimwachia mtoto na jina. Lakini unga ulikuwa umekwisha. Akapaka piko, akamwita Judith, akamfundisha kumwita mama mbele za watu. Judith alifurahi sana. Hakuwahi kuwa na mtu wa kumwita mama.

Kazi ikapatikana upesi, kwenye hoteli moja karibu na stendi. Meneja, kijana aitwaye Edson, hakuuliza mengi. Madereva wa Zambia walipenda sana mboga zake za karanga, zile wanazoziita ifisashi. Nyumbani kulikuwa na chakula tena. Lakini jioni moja, wakiwa wanakula, Judith aliuliza kama ni kweli kuna mtu alikuwa anaitwa Eva, maana kama mama yake ndiye huyu, basi Eva ni nani? Mama Eva alimwambia ale, chakula kinapoa.

Siku moja mchana Tabita akaingia kula. Tabita ni afisa maendeleo ya jamii. Yeye na Eva walisoma pamoja tangu darasa la kwanza, na siku ya mazishi alilia mpaka akabebwa. Alipomwona mpishi akitoka na sinia, alisimama.

"Shikamoo, Mama Eva. Kumbe uko hapa?"

Edson alikuwa kaunta. Mama Eva alimwangalia Tabita, kisha akamwangalia Edson.

"Umenifananisha, dada," alisema. "Simjui Eva."

Tabita hakubishana. Aliacha chakula chake mezani akatoka. Mama Eva alirudi jikoni, akainama juu ya ndoo ya vyombo. Alikuwa amemkana mtoto wake aliye kaburini, kwa ajili ya kazi ya kupika ugali.

Na hata kazi yenyewe haikubaki. Edson alikuwa amesikia, akaingiwa na shaka, akataka kitambulisho. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa pale pale. Alimwambia kwamba hamfukuzi kwa sababu ya uzee, anamfukuza kwa sababu amedanganya. Mama Eva akachukua khanga yake, akaondoka.

Jumapili baada ya ibada, Tabita alikuja Chapwa. Mama Eva alitaka kupiga magoti, Tabita akamshika mikono, akamkalisha. Walilia wote wawili. Kisha Mama Eva akaeleza kila kitu, tangu hosteli ilipofungwa.

"Mama, wale waliokukataa kwa umri ndio walioanza kukosea," Tabita alisema. "Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya umri wake. Na siyo aliyeajiriwa tu, hata anayeomba kazi."

"Sasa mbona nimefukuzwa mimi?"

"Kwa sababu ulidanganya. Ulimpa meneja sababu mkononi. Ungesema umri wako, akakukataa kwa huo, ungekuwa na haki ya kulalamika kwa Afisa Kazi au kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi."

Alimweleza polepole. Aseme umri wake mwenyewe, mapema, kisha aseme anajua kufanya kazi gani na ameifanya kwa miaka mingapi. Ataje watu waliowahi kula chakula chake na aliofanya nao kazi, waulizwe. Aombe kupika siku ya majaribio. Akiambiwa ni mzee, aulize kwa heshima: ni jambo gani katika kazi hii nisiloweza kulifanya? Na tangazo lenye kubagua alipige picha, alitunze, liwe ushahidi.

Mama Eva alisikiliza yote. Mwisho akasema, "Kazi nitatafuta, mwanangu. Lakini nilisema simjui."

Tabita hakuwa na sheria ya hilo. Alimwambia tu kwamba Judith naye anangoja kuambiwa.

Jioni ile Mama Eva alimpakata Judith, akamweleza mama yake alikuwa nani, alivyopenda kuimba, alikolala sasa. Judith alilia kwa uchungu. Aliuliza kama sasa hana mama tena. Kwa siku kadhaa hakutaka kusemeshwa, na Mama Eva alijua kosa lile ni lake.

Akaanza upya kutafuta. Sehemu mbili walimkataa. Ya tatu ilikuwa kantini ya yadi ya malori, na tangazo lake lilisema wanataka wenye umri chini ya miaka thelathini na mitano. Mama Eva alilipiga picha kwa simu, akaingia. Msimamizi aliitwa Wiliam.

"Nina miaka hamsini na minne," alimwambia kabla hajaulizwa. "Nimepikia wanafunzi miaka mingi. Waulize niliofanya nao kazi hosteli, watakuambia."

Wiliam alisema kazi ni nzito, masufuria ni makubwa. Mama Eva akamwomba ampe siku moja, aone kama atashindwa. Kisha, kwa upole, akamwambia kwamba maneno ya umri kwenye tangazo yanakatazwa na sheria. Wiliam alikunja uso. Akasema atafikiria.

Mama Eva aliondoka akijua ameharibu. Lakini baada ya siku chache aliitwa kwa majaribio. Alipopita getini aliona tangazo jipya. Mstari wa umri ulikuwa umeondolewa. Alipika siku nzima na madereva wakasafisha sahani. Akaajiriwa kwa mkataba, na umri wake wa kweli ukaandikwa ndani.

Asubuhi ya kwanza ya kazi aliwakuta jikoni mabinti wawili, wasaidizi wake. Walimwamkia, wakamuuliza wamwite nani.

"Mama Eva."

Mmoja akauliza Eva anasoma wapi.

"Amefariki," alisema. Hakushusha sauti. "Alifia kwenye uzazi. Ndiye mtoto wangu wa kwanza. Angekuwepo angewazidi umri, mngemwita dada."

Mabinti walimpa pole. Mama Eva alifuta macho kwa ncha ya khanga, akaanza kuchambua mchele. Kisha yule mdogo akainua kifuniko cha sufuria.

"Mama Eva," aliita, "maharage yameiva."

"Epua, mwanangu," alisema, akainuka kwenda kumsaidia.