Masanduku Yaliyonyamazishwa

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anafanya kazi na Python. Nilidhani ni chatu, nikamwambia aache upuuzi. Kumbe ni lugha ya kuiamuru kompyuta. Siku moja alirudi kazini baada ya chakula cha mchana, kashiba, hana neno.

Chumba chake kiko chini ya jengo, hakina dirisha. Njia ya kutoka ni korido moja nyembamba hadi kwenye ngazi. Ukutani mwa korido hiyo, toka ngazini hadi mlangoni kwake, wamepachika masanduku ya chuma yanayonasa miale isiyoonekana kwa macho. Kitu kikipita, sanduku hutuma alama, naye huzisoma kwa hiyo Python yake.

Sanduku la kule kwenye ngazi likaanza kutuma alama kama limepagawa. Akampigia bosi wake, bwana mwenye shahada nyingi na subira haba. Bosi akasema hizo ni kelele tu, alinyamazishe. Mjukuu wangu akaandika mstari mmoja, Python ikaliruka sanduku lile, mchoro wa alama kwenye kompyuta ukatulia.

Likaanza linalofuata. Akalinyamazisha. Likafuata jingine, karibu zaidi. Akalinyamazisha nalo.

Hapo akili ikamrudia. Kuna kitu kinakuja.

Likabaki la mlangoni kwake. Likaanza.

Akapiga simu tena. Bosi akamcheka, akasema anashuka mwenyewe.

Mtoto wa watu akafuta mistari yote ya kunyamazisha, ajue kitu kimefika wapi. Masanduku yote yalikuwa yanatuma. Hakuna lililokuwa limenyamaza hata kidogo. Ni yeye aliyeacha kuyasikiliza.

Hakikuwa kitu kimoja kinachotembea. Korido ilikuwa inajaa.

Mlango una kioo kidogo. Akachungulia. Taa zinawaka. Hakuna mtu.

Bosi akatokea kwenye ngazi. Akaja kiubavu. Bega mbele, tumbo kalibana, kama mtu anayepenya umati.

“Mbona unatembea hivyo?” mjukuu wangu akanong’ona alipomfungulia.

“Hivyo vipi?”

Na shahada zake zote, hakujijua.

Njia ya kutoka ilikuwa ile ile. Mjukuu wangu akafumba macho, akamshika bosi shati, wakaenda. Katikati ya korido, anasema, alihisi amepishwa.

Tangu siku hiyo kuta zile zina alama za jasho, kimo cha bega, kama za mahali watu walipobanana wakisubiri. Mlangoni kwake alama iko chini. Kimo cha mtoto.

Wamepaka rangi. Alama imetokea juu ya rangi.