Kaakaa Lisiloandikwa

Fundi cherehani alishona, jicho moja likiwa kwenye kitambaa, jingine kwa mwanawe wa miezi kumi na mmoja. Nyumbani walimwita mtoto huyo Bosi. Akilia tu, wote mbio!

Bosi alizaliwa mdomo wa juu umepasuka upande wa kushoto. Ulishonwa, ukapona. Lakini kaakaa, yaani sehemu ya juu ndani ya kinywa, nalo lilikuwa na mpasuko. Akinywa uji, nusu ulitokea puani.

Siku hiyo mume wa fundi aliingia na barua, uso umemshuka.

"Mama Bosi, wamekataa."

"Wamekataa nini tena?"

"Upasuaji wa kaakaa. Hospitali ya rufaa inasema ombi letu haliendani na faili."

Fundi aliacha mshono katikati. Daktari alishawaambia kaakaa lishonwe kabla ya mwaka na nusu, la sivyo mtoto atapata shida kusema.

"Mwanangu asiseme? Thubutu!" Akambeba Bosi mgongoni, huyoo kwenye hospitali alikoshonwa mdomo.

Chumba cha mafaili kilijaa rafu mpaka darini. Karani wa kumbukumbu, mama wa makamo mwenye miwani mizito, alimvutia kiti.

"Pumua kwanza, mwanangu." Akafungua faili. "Hapa pameandikwa mpasuko wa mdomo, basi. Kaakaa halimo."

"Halimo vipi? Si daktari wa upasuaji aliliona?"

"Aliliona, lakini aliandika alichoshona tu. Sikiliza. Kila ugonjwa una namba yake. Mdomo peke yake una namba. Kaakaa peke yake, namba nyingine. Vyote viwili, nyingine tena. Mimi naweka namba kwa kufuata maandishi ya daktari. Siruhusiwi kubahatisha. Wenzetu wa rufaa wakiona namba ya mdomo, wanajua kaakaa ni zima. Sasa washone nini?"

Fundi akamshusha Bosi mgongoni, akampakata.

"Siku ya kwanza kumwandikisha, alimulikwa kinywani?" karani aliuliza.

Fundi aliona aibu. "Nesi alishika tochi, mama. Bosi ndiyo kwanza amelala. Nikamwambia, ni mdomo tu, dada, tafadhali usimwamshe."

Karani alicheka mpaka miwani ikateleza. "Kumbe Bosi alilindwa usingizi! Usijilaumu. Nesi naye alipaswa kumulika. Twende kwa daktari."

Daktari alipowasha tochi, Bosi alipiga yowe la kuamsha mtaa.

"Vizuri sana, lia baba!" daktari alisema. "Ndiyo naona mpaka ndani."

Akaandika taratibu: mpasuko wa mdomo, upande wa kushoto, umeshonwa. Mpasuko wa kaakaa, gumu la mbele na laini la nyuma, haujashonwa. Uji hutokea puani. Akaweka tarehe na sahihi.

Karani hakufuta namba ya zamani. Aliipiga mstari mmoja, akaandika mpya pembeni, akatia sahihi yake. "Kosa linasahihishwa wazi, halifichwi," alisema.

"Nisomee, mama," fundi aliomba.

Karani akasoma kila neno, kisha akampa nakala. "Kila ukija, uliza wameandika nini. Ni haki yako. Na dalili usifiche, hata mtoto akiwa amelala fofofo."

Ombi lilipelekwa tena rufaa. Wiki ya tatu simu ikalia: Bosi amepangiwa siku! Fundi alirukaruka dukani kwake, mteja naye akaruka bila kujua sababu.

Kaakaa lilishonwa, likapona. Uji sasa ulishuka tumboni, hata tone halikupita puani. Kila wiki walimpeleka kliniki kufundishwa kutamka.

Asubuhi moja mumewe alikuwa akivaa viatu aende kazini. Bosi akamtazama, akafumba midomo, akaiachia.

"Baba!"

Lilitoka safi, kila herufi mahali pake. Mwanamume akaketi sakafuni, kiatu kimoja mkononi, machozi yakimtoka.

"Eti baba!" Fundi alishika kiuno. "Na mimi niliyezunguka na mafaili je?"

Lakini alikuwa anacheka, anapiga vigelegele, anawaita majirani waje wasikie.