Dawa Isiyopakwa

Treni ya Tabora ilipoingia Mpanda asubuhi ile, stesheni ilikuwa imejaa magunia ya mpunga, ndoo za asali na watu wanaosukumana bila sababu. Getrude, fundi cherehani, alikuja kupokea majora ya vitambaa. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililombana kiunoni kwa makusudi, na alipochoka kusubiri akakalia boksi la kwanza aliloliona.

"Samahani dada, umekalia utafiti wangu."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limekunjamana kwa safari, alimtazama kama aliyesahau alichotaka kusema.

"Utafiti ndo nini? Si soda hizi?"

"Ni jeli ya dawa. Ya kupaka."

Jina lake Melkior, mfamasia kutoka chuo kimoja cha Dar, aliyetumwa kuiweka jeli hiyo kwenye joto la Mpanda miezi mitatu aone kama itaharibika. Getrude alipotaka kuinuka, vidole alivyoshikia boksi vilikataa kukunjuka. Melkior aliviona, akautambua ugonjwa. Jeli ile ilikuwa ya baridi yabisi, ugonjwa uleule.

Mapenzi hayakuchelewa. Simu zikawa asubuhi na mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Hebu nieleze hiyo jeli yako, na usinieleze kisomi."

"Dawa ikiwa chembechembe kama chumvi haipenyi ngozi. Tunachanganya dawa mbili, kila moja inaizuia nyingine isigande chembechembe. Hapo zote zinapita."

"Kumbe zinapendana kuliko sisi!"

Lakini utani haukunyoosha vidole. Vidonge vilishamchoma tumbo mpaka akatapika damu, daktari akavikataza. Sasa mkasi haukushikika, na wateja walianza kwenda kwa mafundi wengine.

"Nipake basi, bebi. Kidogo tu."

"Haijajaribiwa kwa watu, Getu. Siwezi."

"Mimi nimekulia Inyonga, kwenye tumbaku. Tulikuwa tunachuma majani yana umande, mchana kizunguzungu na kutapika. Sumu ilipita kwenye ngozi yangu bila kibali cha mtu. Leo dawa ndo inataka kibali?"

Melkior aliona aibu ya kusoma kote kule na kubaki mikono mitupu mbele ya ampendaye.

Kesho yake Getrude alimfuata alikopanga bila kupiga simu. Alimkuta amekunja mkono wa shati, anajipaka jeli.

"Kwako inafaa, kwangu mwiko?"

Hakungoja kusikia. Wiki mbili hakupokea simu wala kujibu ujumbe, na wiki zote mbili alilia.

Mwishowe Melkior alimfuata kibandani kwake sokoni. Alikunja mkono wa shati. Mkono ulikuwa umebabuka, kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Yesu wangu! Melki!"

"Nilitaka ianze kwangu ndo ifike kwako. Chuo hakiruhusu, nimeshawaambia na watanihoji. Na jeli yenyewe imeanza kuganda kwa joto. Tunaanza upya."

"Muda gani?"

"Miaka. Au isitoke kabisa."

"Nidanganye kidogo."

"Nashindwa, Getu. Nataka kukuoa, na dawa sina."

Getrude alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Kisha, kwa viganja, alisukuma kitambaa cheupe katikati ya meza. Kilikuwa tayari na mistari ya chaki, minene na iliyotetemeka.

"Gauni la nani hili?"

"La harusi yangu. Nilichora kabla sijakukuta unajipaka. Kukata ndo siwezi. Kata wewe."

Melkior alishika mkasi kwa mikono miwili, akafuata chaki huku jasho likimtoka. Alipofika kiunoni mkasi ulienda upande, ukala kitambaa vidole viwili ndani. Getrude aliliona kosa. Alijua hasa namna ya kuliokoa, lakini mikono yake ilibaki mapajani.

"Endelea," akasema.