Kijiti cha Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi mbili: kufagia uwanja na kupima oili ya giaboksi ya Bibi. Bibi lilikuwa gari la mama yake, kuukuu, la gia otomatiki. Mama alikuwa mkunga. Akiitwa na mjamzito, Bibi ndiye aliyemfikisha.

Siku moja, katikati ya mlima, injini ilinguruma lakini gari halikusogea. Mama alimalizia safari kwa miguu na kukuta mtoto ameshazaliwa.

"Mungu alitangulia," alisema jioni. "Lakini safari ijayo je?"

Kesho yake walikwenda gereji, gari likivutwa. Fundi alilijaribu gari, akatikisa kichwa.

"Gia zinateleza. Injini inapiga kelele, magurudumu yanasikiliza tu. Oili mnapima?"

"Kila wiki, na imejaa," alijibu mama. "Binti yangu ndiye anayepima."

"Basi ugonjwa uko ndani. Itabidi niishushe giaboksi. Mtakaa mwezi mzima bila gari."

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa maneno yake mengi, alikuwa kimya.

"Leo ndege kameza ulimi?" Fundi alimtania.

Chiriku aliomba kimoyomoyo, kisha akasema, "Fundi, usiishushe. Mimi hupima oili injini ikiwa imezimwa. Nikimsubiri mama awashe mpaka ipate moto, nachelewa kuruka kamba."

Fundi aliweka spana chini. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akapitisha gia zote, kisha akachomoa kijiti cha kupimia. Kilikuwa kimelowa nchani tu.

"Injini ikizimwa, oili hurudi chini na kijiti kinaonyesha imejaa," alisema. Akainama uvunguni. Mpira wa kupitishia oili ulikuwa na ufa, unadondosha matone mekundu ya oili hiyo.

"Lakini oili tu inawezaje kusukuma gari zima?" Chiriku aliuliza.

Fundi alipanga feni mbili mezani, zikitazamana. Akawasha moja. Ile ya pili, ambayo waya wake ulining'inia bila umeme, ikaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi. Chiriku alishika mdomo.

"Hazijagusana!" alinong'ona.

"Ndani ya Bibi, badala ya upepo kuna oili. Ikipungua, nguvu ya injini haifiki magurudumuni."

"Ee Mungu," alisema mama taratibu. "Miaka yote hii nimebebwa na kitu nisichokiona."

Mpira ulibadilishwa, oili ikaongezwa. Bibi akaupanda mlima kama kijana. Kileleni mama alisimamisha gari.

"Mwanangu, wakunga tuna usemi: mficha uchi hazai. Ungeficha, tungepasua giaboksi nzima bure. Umesema kweli, tumepona. Ila kazi uliyopewa usiifanye nusu. Kuna mjamzito anayeitegemea."

Jumamosi iliyofuata, kamba ikiwa bado imetundikwa msumarini, Chiriku aligonga mlango wa mama.

"Mama, niwashie Bibi. Nataka kumuuliza akiwa macho."